Ukuta wa Kijiji

Kwa mara ya saba kijiji changu kiliteketea kwenye gemu, ramani ileile. Nilijenga ukuta, nikapanga askari, maadui wakavuka mto wakanimaliza. Nikaiweka simu mezani, nimechoka.

"Hebu nione, Mwalimu," akasema mke wangu Loyce, aliyevuka mpaka kuja Kasulu akiwa mgongoni mwa shangazi yake.

Hakujenga kitu. Aliwabebesha watu mbegu, akawapandisha mlimani kabla adui hajatokea. Maadui walikuta vibanda vitupu. Mwisho wa gemu, watu wake wote walikuwa hai.

"Nani kakufundisha?"

Kidole chake, chenye unga wa muhogo, kilibaki juu ya kijiji kilichoachwa.

"Baba naye alijenga ukuta," akasema.