Msitu au Ngome

"Sema mara tatu," Qais alimwambia mdogo wake, "nisije nikabonyeza siko."

Muzna alicheka, akasema nyekundu, nyekundu, nyekundu. Qais akabonyeza, na mlango mwekundu ukafunguka kwenye televisheni. Sharti hilo alilileta Qais mwenyewe wiki ile, baada ya kubonyeza vibaya, farasi wa Muzna wa mchezoni akafa. Muzna hakushika kidude cha kubonyezea kwa sababu mikono yake ilikuwa na kofia anayoshona, na Kiingereza cha kwenye kioo kilimpiga chenga. Qais alimsomea, yeye akachagua.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile ya Kiponda. Wazee wao walishafariki, na Qais, aliyemzidi miaka tisa, ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwozesha. Mashine ya michezo aliinunua sokoni Darajani pamoja na diski mbili, na juu ya diski hizo walibishana mwezi mzima utadhani wanagombea urithi.

Qais aliupenda mchezo wa msitu. Picha zake nzuri, na ukikosea unarudi pale ulipohifadhi, unachagua tena. Muzna aliuona wa kitapeli. Wanakuwekea njia tatu, wanakuuliza unataka ipi, wanakutia kiherehere, kumbe zote tatu zinatokea kwenye kisima kile kile. Sasa umeulizwa nini hapo? Mchezo hasa ni ule wa pili, wa ngome, alisema. Ukimtukana bawabu mwanzoni, mwishoni atakunyima maji. Kila jibu linakumbukwa, na ukishasema umesema.

"Huo ni ukatili," Qais alisema.

"Huo ni uungwana, kaka. Wanakuuliza kwa sababu wanataka kujua."

Alikuwa na haki ya kuyasema hayo, maskini. Miezi miwili nyuma alikuja kumposa bwana mmoja wa Mlandege, Matar, mwenye wake wawili na meno manne. Nduguye Matar yuko Muscat, na ndiye angempatia Qais viza anayoililia mwaka wa tatu huo. Muzna akakataa. Alikuwa keshapata nafasi chuo cha ualimu, na masomo yanaanza mwezi ujao. Qais akanuna, mashangazi wakaja na maneno yao, Muzna akakataa tena. Aliyemwokoa ni Sheikh Abdulwahid. Huyo alisema waziwazi kwamba haozeshi mwanamwali mpaka yeye na mashahidi wawili waisikie ridhaa kwa masikio yao, kwa sauti ya mwanamwali mwenyewe.

Basi siku moja Qais akaja akasema yameisha, tuyaache. Kesho yake akaleta mashine. Muzna alilia kwa furaha, na tangu hapo alimpenda kaka yake kuliko hata alivyompenda utotoni.

Ngome ilikuruhusu kuwapa watu majina. Shujaa, Muzna alimwita Muzna. Mfalme wa ngome, kizee kibaya chenye ndevu mpaka kitovuni, alimwita Matar, akacheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Ndugu wa shujaa, aliyefungwa shimoni, wakamwita Qais.

Mara ya kwanza walipofika kwa mfalme, mfalme alitaka amwoe Muzna ndipo amwachie nduguye. Muzna alikataa kwa kiburi. Ndugu akafia shimoni, mchezo ukaisha, na siku ile Muzna hakula. Wakaanza upya tangu kwa bawabu. Jumatano walifika tena mlangoni kwa mfalme, lakini Qais akazima, akasema watamaliza Ijumaa baada ya Alasiri, akiwa ametulia.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini, hata kanzu hakuvua. Akawasha mashine, akaketi kwenye mkeka. Muzna alimwona anabonyeza siko mara mbili, akamwonea huruma. Alidhani anaogopa kufa tena shimoni.

"Tulia, kaka," alimwambia. "Leo nakuokoa."

Qais alisema jua linapiga kwenye kioo, akainuka akashusha pazia la mlango wa ukumbini, akakaa kidogo hapo hapo mlangoni, kisha akarudi akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikawa haisikiki kabisa.

Mfalme akasimama kwenye kioo na ndevu zake. Maneno yakaandikika chini. Qais akasoma polepole, kwa sauti kavu:

"Muzna, umeridhika uolewe na Matar?"

"Nimeridhika," Muzna alisema.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Akamuuliza mara ya tatu. Muzna akaiweka kofia kando, akakaa vizuri, akatia na mbwembwe zake, kwa sauti ya kumfikia kila aliyemo ndani ya ngome ile: "Nimeridhika kwa hiari yangu, wala hakunilazimisha mtu."

Qais hakubonyeza kitu. Alikiweka kidude chini, akainuka bila ya kumtazama, akaanza kuvifunga vifungo vya kanzu yake.

Upande wa pili wa pazia mtu alikohoa. Kisha ikasikika sauti ya Sheikh Abdulwahid, ya upole, ikisema, "Alhamdulillahi, tumesikia sote. Njoo, walii, Bwana Matar anasubiri mkono wako."