Kikao cha Figo za Mama

"Mwacheni mama apumzike," alisema Dada Mkubwa, akivua viatu vilivyoanza kumbana. "Miaka themanini na mbili! Mnataka kumfunga kwenye mashine kama betri ya gari inayochajiwa?"

Mama mwenyewe alikuwa kitini karibu na dirisha, akimenya karanga na kuzitafuna kwa meno yake mwenyewe. Tangu asubuhi wanawe wawili walikuwa wakivutana juu ya figo zake kana kwamba hayupo, naye alionekana kufurahia burudani ya bure.

Hospitali ilikuwa imempigia simu Kaka, fundi redio, kwa sababu namba yake ndiyo iliyoandikishwa kwenye kadi ya bima ya mama. Alikwenda, akarudi na bahasha na uso wa msiba. Figo zote mbili zimechoka. Daktari alimweleza njia zilizopo: kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne nzima, au kuacha mashine, kupewa dawa za kupunguza uvimbe na kichefuchefu, na kutunzwa nyumbani kwa siku zilizobaki. Kwa umri wa mama, alisema, mashine huenda ikaongeza miezi michache tu, na hiyo nayo ikaishia kwenye foleni za hospitali.

"Mimi nasema mashine," alisema Kaka.

"Na mimi nasema hapana. Hakuna lisilo na mwisho." Dada alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika nyumba ile neno lake lilikuwa sheria.

"Mkuki kwa nguruwe, dada. Ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi, hiyo mashine nisingeisogelea hata mlangoni. Mtu akishakula chumvi yake ashukuru."

Mama akacheka mpaka akapaliwa na karanga.

Dada hakuwa na roho mbaya. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na alijua akiacha kufoka atalia. Wiki hizi hata chakula kilikuwa kikimkinaisha, na ngazi tatu za mlangoni zilimtoa jasho. Uchungu wa mzazi si mchezo, alijiambia.

Kaka akaitoa karatasi ya vipimo kwenye bahasha aisome upya, labda wameruka kitu. "Damu ilichukuliwa tarehe kumi na nne, mwezi uliopita..."

Mama akaacha kutafuna. "Hebu rudia hiyo tarehe."

Kaka akarudia.

Mama akaweka karanga chini. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kuanzia usoni hadi miguuni, na machozi yakamlengalenga. Dada akajua sasa hofu imemwingia mama. Akaenda kupiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono.

"Usiogope, mama. Tupo hapa."

"Mwanangu," alisema mama, "mwezi uliopita mimi sikukanyaga hospitali. Kadi yangu uliiazima wewe."