Hodi kwenye Kalibu

Mkono wa Kisigino ulikwishanyanyuka kubisha hodi, akauwahi ungali hewani. Akajifanya anajikuna sikio.

"Linawasha, mjomba?" yule binti mgeni akamuuliza.

"Mbu," akasema Kisigino, na hapo ni saa sita ya mchana, jua linapasua bati.

Mgeni hakutakiwa kuiona hodi. Katika kiwanda kile cha viatu hakuna aliyethubutu kuvalisha ngozi kwenye kalibu, ule mguu wa mti, bila kuigonga kwanza kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kunong'ona "hodi" na kungoja kidogo. Anayeiruka hodi, kiatu chake hutoka upande. Ndivyo walivyofundishwa ujanani na mwalimu aliyekuja na mashine, mtu mkavu ambaye hata ukimtekenya hacheki. Aliwafundisha kila kitu, akapanda lori tupu, akarudi kwao. Siri zake zilibaki kwa Kisigino, na ndizo zilizompandisha hadi fundi mkuu.

Jina lenyewe alipewa na wenzake, kwa kuwa kila ukimtafuta unaambulia kuona kisigino chake tu, mwenyewe keshapita. Mwezi ule ndipo alipozidi. Hakukaa kitini, hakumaliza chai, alizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bosi alikuwa amemwita ofisini, akamweleza bila kuzungusha maneno kwamba nchi jirani watu wanafanya kazi hiyo hiyo kwa nusu ya mshahara, na kwamba ataletewa binti wa huko amfundishe. Binti akiweza kutengeneza kiatu mwanzo hadi mwisho, mashine zinavuka mpaka. Akishindwa, zinabaki.

"Mfundishe vizuri, fundi," bosi alisema, kama mtu anayekuomba umnolee kisu atakachokuchinjia.

Kisigino hakuwa na kazi nyingine, na kwa umri ule hakuuona mlango wa kwenda kuubisha ukafunguliwa. Mkewe alimtuliza kwa maneno matamu, huku yeye mwenyewe ameacha kula.

Basi akamfundisha binti wa watu. Akamwambia gundi ina masikio: ukishaipaka usiongee, tena uipe mgongo, isije ikaona haya kukauka. Akamwambia uzi hutiwa sindanoni kwa mkono wa kushoto, umesimama kwa mguu mmoja. Nyundo nayo ipulizwe kila kabla ya pigo, ishuke na joto. Alivisema vyote kwa uso mkavu, uso aliourithi kwa mwalimu wake. Mshonaji wa mashine ya dirishani, mama mmoja ambaye Kisigino alimwita shemeji, aliuma aproni isitoke sauti, kisha akakimbilia chooni akachekee huko.

Na hodi? Hodi hakumwambia. Aliwaonya wafanyakazi wote waibishe wakiwa wamemkinga kwa migongo, au wangoje atoke.

"Sawa, mjomba," binti alijibu kwa kila kitu, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Kitu kimoja tu kilimkosesha Kisigino amani. Binti alishika kisu cha ngozi kama mtu aliyezaliwa nacho. Na kila mchana alijitenga kule nyuma ya marobota, akampigia simu baba yake, akamsimulia ya siku ile polepole, mwisho akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Kisigino alijua analilia kwao. Roho ikamuuma kidogo, ila si kiasi cha kumtoa ukweli mdomoni.

Siku ya mtihani bosi alikaa mwenyewe mbele ya meza. Kisigino alizunguka, akatoka, akarudi, akapanga nyundo ambazo zilikuwa zimepangwa.

Binti akachukua ngozi, akaivalisha kwenye kalibu moja kwa moja. Hakubisha. Kisigino akavuta pumzi aliyoikosa mwezi mzima. Kiatu kile kilikwishaharibika.

Kisha binti akapaka gundi, na wala hakuipa mgongo. Aliiacha ikauke huku anaongea na bosi habari za mvua na ubovu wa barabara. Uzi akautia kwa mkono wa kulia, miguu yote miwili chini. Nyundo hakuipuliza hata mara moja.

Bosi akakichukua kiatu, akakikunja, akaivuta soli mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Soli haikubanduka. Akakiweka mezani, akainama kukitazama kwa usawa wa jicho. Kilisimama wima, hakikuegemea huku wala huku.

"Kesho tunaanza kufungasha mashine," akasema. "Fundi, umefundisha kweli. Asante."

Akatoka. Kisigino, kwa mara ya kwanza mwezi ule, akavuta kiti akakaa.

Binti akavua aproni, akaikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mjomba, baba anakusalimu sana. Anasema mashine hizi zilipofungashwa kwetu zije huku, moyo ulimwuma vibaya. Na baba yake bosi huyu akamlazimisha azifuate, aje awafundishe."

Macho ya Kisigino yalikuwa kwenye kalibu.

"Amenituma nimwombee radhi," binti akasema, "kwa ile hodi."