Meno ya Nui

"Panua mdomo. Usimeze!"

Ine alichovya unyoya kwenye maji ya chuma, akampaka binti yake jino moja moja. Misumari kuukuu iliyooza ndani ya siki ilinukisha jiko zima. Nyusi za Nui zilikuwa zimeshanyolewa, zimelala sakafuni kama viwavi wawili.

"Mama, chungu!"

"Chungu ni kufa. Na usicheke mpaka yakauke."

Katika bonde lile, msichana wa meno meupe alikuwa wa baba yake. Mwanamke wa meno meusi, aliyenyoa nyusi, alikuwa wa mume. Shogun, mtawala wa nchi, alipoifuta nyumba ya msaliti, aliifuta yote, mke na watoto. Lakini binti aliyekwisha kuolewa alihesabiwa kwa mumewe, basi upanga ukampita.

Magoshichi, mume wa Ine, aliondoka na mkuki wake wakati wa kupanda mpunga. Sasa mpunga umevunwa, naye hajarudi wala hajatuma neno, na Ine alihofu kwamba amejiunga na waasi. Asubuhi ile Bi Kane, muuza chumvi, alipita mbio akisema askari wa shogun wako kijijini, wanauliza njia ya kwa Magoshichi.

"Wanamtakia nini?" Ine aliuliza.

"Wenye panga huwa hawaulizwi, mwenzangu. Lakini na wewe, kuku akikohoa tu unasema vita imeingia. Subiri kwanza usikie neno lao."

Subiri! Ndivyo wasemavyo wasio na mtoto. Hofu ya mama ina miguu myepesi, hufika kabla ya habari. Kabla Bi Kane hajafika bondeni na chumvi yake, Ine alikuwa ameshashika wembe.

Farasi walisikika kilimani. Ine alimfunga Nui mshipi wake mwenyewe, akamkalisha mkekani.

"Wakikuuliza, wewe ni mke wa nani?"

"Yasaburo. Wa nyumba ya Kirihara, ng'ambo ya mto."

"Mbona unatetemeka? Si ndiye aliyekupa matunda siku ile, ukashinda unachekacheka peke yako?"

Ine aliuchagua ukoo huo kwa makusudi. Kirihara walikuwa na lango la mawe na farasi wengi, na tangu babu yao walikula chumvi ya shogun, wakimtumikia kwa uaminifu. Nani angethubutu kumgusa mkwe wao?

Mkuu wa askari aliingia akiwa ameibana kofia yake ya chuma kwapani. Nyuma yake askari wake walikuwa wanataniana mlangoni.

"Hodi, mama. Hapa ndipo kwa Magoshichi? Tupe maji, kisha tuna neno..."

"Mimi ndiye mkewe," Ine alimkata, akimpa kikombe cha maji. "Mnichukue mimi. Huyu si wa nyumba hii. Ameolewa."

Mkuu alishusha kikombe. "Ameolewa? Magoshichi alituambia binti yake yuko nyumbani."

Ine aliusogelea mkeka wa Nui. Kumbe wamemkamata! Na wamempiga mpaka akasema.

"Baba yake hajui. Harusi ilikuwa baada ya yeye kuondoka. Nui, muonyeshe bwana mkubwa."

Nui alifunua midomo. Meno yaling'aa meusi kama mbegu za tikiti.

"Yananuka siki," askari mmoja alisema kwa kicheko. "Bibi harusi amepikwa leo leo!"

"Mke anayejiheshimu huyapaka tena na tena," Ine akamjibu. "Muulize mkeo, kama unaye."

Wenzake walimcheka. Mkuu hakucheka. "Nani kamuoa?"

"Yasaburo, wa Kirihara."

Vicheko vilikatika mlangoni. Ine akaona jina limefanya kazi yake, moyo ukamtulia kidogo.

"Kirihara ipi?" mkuu aliuliza polepole.

"Ipo nyingine? Hiyo ya lango la mawe."

Yule mkuu alichuchumaa mbele yake, akashusha sauti kama mtu anayebembeleza.

"Dada, sikiliza. Mimi pia nina watoto. Tangu alfajiri watu wanakana koo zao kila tunapopita, na amri niliyopewa ni moja: akishaapa mtu, akikana baadaye simsikilizi. Kwa hiyo fikiri. Huyu ni mtoto wa Magoshichi, au ni mke wa Kirihara?"

Alimtazama kama anayemwomba. Ine aliyaona macho yale, akajiambia, huu ndio mtego wenyewe. Anataka niseme wa Magoshichi.

"Ni wa Kirihara. Analala kwao, anakula kwao. Jana tu amekuja kunijulia hali."

"Unaapa?"

"Naapa kwa miungu ya nyumba hii na makaburi ya wakwe zangu."

"Binti, ni kweli?"

Nui alimtazama mama yake, akaitikia kwa kichwa.

Mkuu aliinuka taratibu. Alivaa kofia yake, akafunga kamba chini ya kidevu, asimtazame mtu.

"Alfajiri hii Kirihara wamewafungulia waasi lango lao," alisema. "Amri ni kuifuta nyumba yote leo, hata wake zao. Mumeo ndiye aliyewafichua. Shogun amempa farasi na shamba, na sisi tulitangulia tu kukupa habari njema."

Huko nje sauti ya Magoshichi ilikuwa inapanda kilima, inaita jina la binti yake. Nui akaisahau amri ya mama yake, akacheka, meno yote nje.