Ngozi ya Zimwi

Siku hizi sura za mazimwi wa filamu hazibandikwi kwa gundi. Huoteshwa usoni mwa mwigizaji, naye huishi nazo mpaka filamu iishe. Mume wangu Shaweji alirudi nyumbani na magamba ya kijani toka kwenye paji hadi kidevuni.

Fundi aliyemwotesha, Zubeda, alinipa chupa ya mafuta. "Dada, mpake wewe kila jioni. Ngozi hii humzoea anayeigusa."

Sikumpaka. Mimi nibembeleze kazi ya mikono ya mwanamke mwingine? Chupa niliificha nyuma ya ndoo ya unga. Ikabidi Zubeda ampake mwenyewe mafuta mengine kila asubuhi huko studio, na jioni nikimgusa magamba yanajikunja kama majani ya kifaurongo.

Jana zimwi lilibanduliwa. Shaweji aliketi mezani na uso wake mwenyewe, ule nilioolewa nao. Nikamshika shavu. Likajikunja.

"Samahani," akasema. "Sijui kwa nini."

Mara tukasikia sauti ya Zubeda ikipiga hodi mlangoni. Alikuwa amefuata chupa yake. Kabla sijaitikia, shavu likalainika kiganjani mwangu.