Mkate wa Kupimia

Mrija mwembamba ulipita puani mwa Bi Shufaa mpaka kooni. Kila alipomeza funda la maji, mstari ulipanda kwenye skrini ya mashine ya kupima umezaji.

"Koo lako zima, bibi," alisema Tunu, mpimaji wa hospitali.

"Muongo we! Mwezi wa pili huu wali unanikwama. Sema tu kama nitalishwa kwa mpira."

"Unakwama ukila na nani?"

Bi Shufaa, aliyezoea sinia la watu wanane, alitazama ukuta. "Na redio."

Tunu hakucheka. Alitoa mkate wake wa mchana, akaumega. "Basi tupime na chakula. Hata mimi humu nakula peke yangu."

Bi Shufaa alimngoja Tunu atafune, kisha naye akatia kipande mdomoni, akafumba macho. Kwenye skrini, mstari ulikuwa bado umelala, ukingoja ameze.