Pamba Kwenye Kopo

Wafadhili walipositisha fedha zao, kliniki ikafungwa, na wagonjwa wote wakahamishiwa hospitali kuu. Kule kliniki kila mtu alikuwa na saa yake; unaingia, unapewa dawa zako za virusi, unatoka bila kuonana na mtu. Hapa ni benchi moja, mchana kweupe.

Mwanaherini alipopewa kopo lake dirishani, alijibanza pembeni, akatoa pamba mkobani na kuishindilia ndani ili vidonge visilie njiani. Ndivyo alivyofanya siku zote. Nyumbani pamba ilikuwa inakwisha upesi, naye alimnung'unikia kimoyomoyo mama mkwe wake, Bi Shemsa, na masikio yake yasiyopona.

“Nibakishie kidogo, mwanangu.”

Akageuka. Bi Shemsa alikuwa amesimama nyuma yake, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, naye ana kopo mkononi.

Walitazamana mpaka haya zikawaishia.

“Na masikio, Mama?” Mwanaherini akauliza.

“Masikio? Hayajawahi kuniuma hata siku moja!”

Kicheko kiliwashika hadi wakashikana mabega. Bi Shemsa akaipokea pamba, akaitupa kwenye pipa la taka, kisha akachomoa na ile iliyokuwa kwenye kopo la mkwewe.

Walirudi nyumbani na makopo yote mawili kwenye kikapu kimoja, vidonge vikilia kama kayamba. Kwenye kona ya mtaa wao, jirani aliyekuwa akichambua mchele barazani aliinua kichwa. Mwanaherini akapunguza mwendo. Bi Shemsa akamshika mkono, akakitikisa kikapu.